Kalori, Kilokalori na Jouli: Tuandike Lipi?

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kijikaratasi cha ushauri wa lishe kwa wagonjwa wa kisukari. Kijikaratasi hicho kiliandikwa kwa Kiingereza nchini Afrika Kusini, na kazi ilikuwa kukileta katika Kiswahili kitakachoeleweka na msomaji wa kawaida wa hapa Uganda. Kazi moja ilizipita nyingine zote. Sentensi zake zilikuwa fupi, upatanisho wa kisarufi haukuwa na dosari, na majina ya magonjwa yalikuwa sahihi. Lakini katika ukurasa wa pili nilikuta sentensi hii: "Mgonjwa asizidishe kalori 7,500 kwa siku."

Matini asilia ilisema kilojouli 7,500. Mwanafunzi alijieleza kwamba neno kilojouli lilikuwa geni kwake, na kwa kuwa neno kalori linajulikana na wengi, aliona ni busara kutumia linalojulikana. Namba aliiacha kama ilivyokuwa. Kwa hesabu sahihi, kilojouli 7,500 ni takriban kilokalori 1,800 tu. Mgonjwa atakayefuata tafsiri ile atakuwa ameruhusiwa kula zaidi ya mara nne ya kile alichoshauriwa. Sarufi haikukosewa popote. Aliyekosewa ni mgonjwa.

Walimu wenzangu, kosa hilo si la mwanafunzi peke yake. Wengi wetu tulisoma lugha na fasihi, na mambo ya vipimo tuliwaachia wenzetu wa sayansi. Lakini kadiri Kiswahili kinavyozidi kuingia katika zahanati, katika maduka na katika matangazo ya umma, ndivyo mwalimu wa Kiswahili anavyozidi kuulizwa maswali ambayo hayamo katika vitabu vya sarufi. Makala hii inakusudia kueleza vipimo vya joto na vya nishati ya chakula kwa lugha nyepesi, na kuonyesha mahali ambapo lugha yenyewe hututega.

Joto si halijoto

Tuanze na jambo la msingi. Katika mazungumzo ya kila siku neno "joto" hubeba mizigo mingi. Tunasema "leo kuna joto", "mtoto ana joto" tukimaanisha homa, na hata "joto la siasa". Neno hili ni la Kibantu, nalo lina uhusiano na kitenzi "kuota", kama katika kuota moto au kuota jua. Ni neno zuri, lakini katika sayansi halitoshi peke yake, kwa sababu kuna mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa.

Jambo la kwanza ni halijoto, ambayo wengine huiita jotoridi. Hii ni hali ya kitu kuwa cha moto au cha baridi, na hupimwa kwa kipimajoto. Vizio vyake ni nyuzi, au digrii, za Selsiasi. Kizio hiki kina jina la Anders Celsius, mtaalamu wa Uswidi aliyependekeza vipimo vyake mwaka 1742. Inafaa wanafunzi wajue kwamba Celsius mwenyewe alivipanga kinyume: maji yakichemka yalisoma 0, yakiganda yalisoma 100. Waliomfuata ndio waliovigeuza.

Jambo la pili ni joto lenyewe, yaani kiasi cha nishati kinachohama kutoka kwenye kitu cha moto zaidi kwenda kwenye kitu cha baridi zaidi. Tofauti yake na halijoto huonekana wazi jikoni. Chukua kikombe cha maji na pipa la maji, vyote viwe na nyuzi 60. Halijoto ni ile ile. Lakini kulipasha moto pipa kumetumia mkaa mwingi sana kuliko kukipasha kikombe. Vivyo hivyo, cheche inayoruka kutoka kwenye sigiri ina halijoto kubwa kuliko uji uliomo kwenye bakuli, lakini cheche ikikugusa mkononi utaipuuza, na uji ukikumwagikia utalia. Cheche ina halijoto kubwa na joto kidogo. Uji una halijoto ndogo kuliko cheche, lakini umebeba joto jingi.

Kwa hiyo nyuzi haziwezi kupima joto. Ilibidi kipatikane kizio kingine.

Kalori mbili zenye jina moja

Kizio hicho kilipatikana Ufaransa. Kati ya mwaka 1819 na 1824, Nicolas Clément, mwalimu wa kemia mjini Paris, aliwafundisha wanafunzi wake kuhesabu joto la mitambo ya mvuke kwa kizio alichokiita kalori, jina lililotokana na neno la Kilatini "calor", lenye maana ya joto. Kalori ya Clément ilikuwa kiasi cha joto kinachotosha kupandisha halijoto ya kilo moja ya maji kwa uzi mmoja wa Selsiasi.

Tuzingatie kwamba alisema kilo moja. Mwaka 1852 Wafaransa wengine wawili, Favre na Silbermann, walitumia neno hilo hilo kwa gramu moja ya maji. Tangu hapo neno moja likawa na maana mbili, na tofauti kati ya maana hizo ni mara elfu moja. Mwaka 1879 mwanakemia Marcellin Berthelot alijaribu kuleta utaratibu kwa kutenganisha kalori ndogo, ya gramu, na kalori kubwa, ya kilo. Kalori kubwa iliandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni mwa neno.

Mwanaisimu atauona udhaifu wa utaratibu huo mara moja. Herufi kubwa haisikiki. Daktari anayezungumza na mgonjwa hawezi kuitamka. Tena, neno likianza sentensi hupewa herufi kubwa hata kama halistahili, na tofauti yote inapotea.

Historia hii inatufundisha jambo moja zaidi. Kuna wanaodhani kwamba watu wa lishe waliliharibu neno la wanafizikia kwa kuita kilokalori "kalori". Ukweli ni kwamba kalori kubwa ndiyo iliyotangulia. Watu wa lishe walibaki na maana ya zamani, na walioibadilisha ni watu wa maabara.

Kilo inayodondoka

Katika Kiswahili mtego huu una upekee wake. Sokoni mtu husema "nipe kilo mbili za sukari". Hasemi kilogramu. "Kilo" kwa asili ni neno la Kigiriki lenye maana ya elfu, na kizio chenyewe ni gramu. Lakini sisi tumeidondosha gramu na kubaki na elfu, na biashara inaendelea vizuri kwa sababu sote tunajua kilichodondoka.

Katika mambo ya lishe tunafanya kinyume. Tunasema "chapati hii ina kalori nyingi", na hapo tunaidondosha kilo na kubaki na kalori. Muuza sukari huacha mkia wa neno, na mshauri wa lishe huacha kichwa chake. Wote wawili wanaeleweka na watu wanaowazoea. Anayeumia ni yule anayekuja kutoka nje ya mazoea hayo: mfasiri, mwanafunzi, au mgonjwa anayesoma peke yake nyumbani.

Kuna njia rahisi ya kujikagua. Mtu mzima anahitaji takriban kilokalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku, kutegemea umri, umbo na kazi yake. Tuseme mtu amesoma "kalori 2,000" akadhani ni kalori ndogo. Hizo ni sawa na kilokalori mbili tu, yaani nishati iliyomo katika nusu gramu ya sukari. Kijiko kimoja cha chai hubeba gramu nne hivi za sukari. Maana yake mtu angeweza kuishi kutwa nzima kwa sehemu ya nane ya kijiko cha sukari! Jibu la aina hiyo likijitokeza, mfasiri ajue kwamba kilo imedondoka mahali.

Jouli ilitoka wapi

Wakati kalori inaanza kutumika, wataalamu wengi waliamini kwamba joto ni aina ya umajimaji usioonekana unaotiririka kutoka kitu kimoja kwenda kingine. James Prescott Joule, Mwingereza aliyezaliwa Salford mwaka 1818 katika familia ya watengenezaji wa bia, alisaidia kuiondoa imani hiyo. Katika miaka ya 1840 alifunga mizigo kwenye kamba, akaiacha ishuke polepole, na kwa kushuka kwake ikazungusha makasia ndani ya chombo cha maji. Maji yaliyokorogwa hivyo yalipata joto, ingawa hapakuwa na moto. Joule alipima ni kazi kiasi gani huzaa joto kiasi gani, akaonyesha kwamba joto si kitu cha pekee, bali ni sura mojawapo ya nishati.

Mwaka 1882 lilitolewa pendekezo la kukiita kizio cha nishati kwa jina lake, naye alikuwa bado hai. Mwaka 1948 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa kimataifa uliikubali jouli kuwa kizio cha joto pia. Kwa hiyo, katika mfumo wa kimataifa wa vipimo, kizio rasmi ni jouli, na kalori haimo. Kilokalori moja ni sawa na kilojouli 4.184. Kwa hesabu za haraka tunaweza kusema nne na kidogo.

Hata hivyo, kalori haikufa. Lebo za vyakula nchini Marekani husema "kalori" na kumaanisha kilokalori. Australia na Afrika Kusini hutumia kilojouli. Nchi za Umoja wa Ulaya hutaka zote mbili ziandikwe. Katika duka moja la Kampala unaweza kukuta bidhaa kutoka pande hizo zote zimepangwa kwenye rafu moja, na mteja anayelinganisha namba bila kutazama vizio atadhani kwamba biskuti za nchi moja zina nguvu mara nne kuliko za nchi nyingine.

Nishati ya chakula hupimwaje?

Chakula kilichokaushwa huwekwa ndani ya chombo imara cha chuma kilichojazwa oksijeni, na chombo hicho huzamishwa katika maji. Chakula huwashwa kwa umeme, kikateketea chote, na joto lake likapasha maji. Kwa kujua uzito wa maji na nyuzi zilizopanda, tunajua joto lililotoka. Chombo hicho huitwa kalorimita.

Lakini mwili wa binadamu si tanuri. Kuna sehemu ya chakula isiyosagwa tumboni, na kuna nishati inayotoka mwilini pamoja na mkojo. Mmarekani Wilbur Olin Atwater, wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, alilifanyia kazi suala hili mwishoni mwa karne ya 19. Alitumia hata chumba maalumu ambamo mtu aliishi siku kadhaa huku joto la mwili wake na hewa aliyovuta vikipimwa. Kutokana na kazi zake tumepata kanuni ambayo bado hutumika katika lebo: gramu moja ya wanga hutoa kilokalori 4, gramu moja ya protini 4, na gramu moja ya mafuta 9.

Hapa pana suala la matumizi ya lugha. Redioni husikika "kuunguza kalori". Kinachotumika mwilini ni wanga, mafuta na protini. Kalori ni hesabu yake tu. Katika mazungumzo usemi huo unaeleweka, lakini katika matini rasmi ni afadhali kusema "mwili hutumia nishati". Vilevile tuepuke kusema "joto la chakula", kwa sababu msomaji atafikiria chakula kilichoipuliwa sasa hivi. Neno sahihi ni "nishati", lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya uchangamfu na nguvu. Tayari shuleni tumezoea kusema "vyakula vya kutia nguvu", na kalori ndiyo hesabu ya nguvu hiyo.

Posho ni kiasi gani?

Hapa Uganda neno "posho" ni jina la chakula, yaani ugali wa mahindi. Katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya, posho ni mgawo: chakula au fedha anayopewa mtu kwa siku. Maana hizi mbili ni za neno moja. Vibarua, askari na wanafunzi walipewa unga wa mahindi kuwa mgawo wao, na jina la mgawo likakiganda chakula chenyewe.

Nalitaja neno hili kwa sababu swali la kalori, mwishowe, ni swali la posho: mtu apewe kiasi gani ili aishi? Mashirika ya misaada hutumia kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha kupangia mgawo wa chakula wakati wa dharura. Tuione namba hiyo kwa macho ya mpishi. Gramu 100 za unga wa mahindi hutoa takriban kilokalori 360, gramu 100 za maharage makavu 335, na gramu 100 za mafuta ya kupikia 885. Basi gramu 420 za unga, gramu 100 za maharage na gramu 30 za mafuta hutoa jumla ya kilokalori 2,112. Huo ndio mgawo wa siku moja, ingawa vitamini na madini ni hesabu nyingine.

Katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali, Kiswahili ni lugha inayowaunganisha wengi waliotoka Kongo na Burundi. Mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgawo wa wakimbizi nchini Uganda hadi asilimia 70. Ikiwa posho kamili ni kilokalori 2,100, asilimia 70 yake ni 1,470. Anayepokea mgawo huo ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa ni nini kilichopungua, na kwa kiasi gani. Akiambiwa "kilojouli 6,150" bila maelezo, atadhani ameongezewa. Wanafunzi wetu ndio watakaoyaandika matangazo ya namna hiyo.

Neno juu ya BTU

Msomaji anaweza kukutana na kizio kingine katika maduka ya vifaa vya umeme, ambako wauzaji husema "AC ya BTU 12,000". BTU ni kizio cha Kiingereza cha joto: ni joto linalopandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti, sawa na jouli 1,055 hivi. Hapa pia kuna kilichodondoka. Muuzaji anamaanisha BTU 12,000 kwa saa, yaani kasi ambayo mashine inaweza kulitoa joto chumbani. Tukizigeuza, hizo ni wati 3,500 hivi.

Kwa kulinganisha, mtu anayetumia kilokalori 2,000 kwa siku hutoa joto la wati 97 hivi, karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 100. Darasa la wanafunzi arobaini basi ni karibu wati 4,000, mzigo unaoweza kuishinda AC hiyo. Mwalimu aliyewahi kufundisha saa nane mchana katika chumba kilichojaa hatahitaji ushahidi zaidi.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya, napendekeza yafuatayo kwa walimu na wanafunzi wa idara yetu:

1. Katika matini ya lishe tuandike "kilokalori" kwa ukamilifu pale neno linapotokea mara ya kwanza. Tukitaka kufupisha baadaye kuwa "kalori", tumwambie msomaji.

2. Kizio kikibadilishwa, namba nayo ibadilishwe. Kutoka kilojouli kwenda kilokalori, gawanya kwa 4.184. Kutoka kilokalori kwenda kilojouli, zidisha. Kama mfasiri hana hakika, aache kizio cha asili na kukieleza.

3. Tuandike kizio kabla ya namba, kama tunavyosema shilingi 500 au kilo mbili: kilokalori 360, kilojouli 1,500, nyuzi 30.

4. Kalori, kilokalori na jouli ziwe katika ngeli ya I-ZI: kalori hizi zinatosha, kilojouli zote zimehesabiwa.

5. Tutenganishe joto na halijoto hata katika insha za kawaida, ili mwanafunzi asilazimike kujifunza upya atakapoingia katika somo la sayansi.

Mazoezi ya darasani

(a) Lebo ya biskuti inaonyesha kwamba gramu 100 zina wanga gramu 70, protini gramu 7 na mafuta gramu 18. Kokotoa nishati yake kwa kilokalori na kwa kilojouli, kisha andika lebo hiyo kwa Kiswahili sanifu. (Jibu la hesabu: kilokalori 470, au kilojouli 1,970 hivi.)

(b) Choma punje moja ya karanga kwenye pini chini ya kikopo chenye mililita 100 za maji. Punje ya nusu gramu ina takriban kilokalori 2.8, na joto lake lote likiingia katika maji, halijoto ingepanda kwa nyuzi 28. Mtapata pungufu sana, kwa sababu joto jingi hupotea hewani. Andikeni taarifa ya jaribio hilo kwa aya mbili, mkitumia maneno "joto" na "halijoto" kila moja mahali pake.

(c) Sahihisha sentensi iliyoanzisha makala hii: "Mgonjwa asizidishe kalori 7,500 kwa siku." Toa tafsiri mbili zinazokubalika, na ueleze ungemchagulia mgonjwa ipi na kwa nini.

Mwanafunzi aliyeiandika sentensi hiyo ameshaisahihisha. Aliandika: "Mgonjwa asizidishe kilokalori 1,800 kwa siku, yaani kilojouli 7,500." Nilimpa alama zote.